Karakana ya Uani: Habari za William Morris na Baiskeli za Oxford

Habari za matajiri aghalabu husimuliwa kwa njia moja. Huanza katika umaskini, hupita katika juhudi, na huishia katika wingi wa mali. Na msomaji huachiwa fundisho kwamba aliyefanikiwa alifanikiwa kwa kuwa alitaka, na aliyeshindwa alishindwa kwa kuwa hakutaka. Fundisho hili ni jepesi kukumbukwa, lakini wepesi wa jambo si dhamana ya ukweli wake. Katika insha hii nakusudia kuitazama upya habari moja ya namna hiyo, nayo ni habari ya kijana wa Kiingereza aliyeanza kutengeneza baiskeli katika kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wake, mjini Oxford, mwaka 1893, akiwa na mtaji wa pauni 4. Jina lake lilikuwa William Richard Morris, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Lord Nuffield. Pauni 4 hizo zimetajwa na kila aliyemwandika. Swali langu ni hili: je, mtaji wake ulikuwa huo tu?

Yafaa kwanza tujue baiskeli yenyewe ilikuwa imefika wapi katika mwaka huo. Mwaka 1817, Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili ambacho mpandaji alikisukuma kwa kukanyaga ardhi. Katika miaka ya 1860, mafundi wa Paris walitia pedali katika gurudumu la mbele. Baadaye likaja gurudumu kubwa lililomwinua mpandaji juu ya watu, na kila alipoanguka aliangukia kichwa. Chombo hicho kilikuwa cha vijana wenye fedha na ushujaa, si cha karani wala mwalimu. Mwaka 1880, Hans Renold, Mswisi aliyekuwa akiishi Manchester, alibuni mnyororo imara ulioweza kupeleka nguvu bila kukatika upesi. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo ukazungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baiskeli tunazozijua sisi.

Lakini jambo lililompa fundi wa mtaani riziki yake ya kila siku halikuwa mnyororo, bali upepo. Mwaka 1887, John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekuwa Belfast, alitengeneza nyumbani kwake mpira uliojazwa upepo kwa ajili ya magurudumu matatu ya mwanawe, na mwaka uliofuata akaliandikisha wazo hilo kisheria. Baadaye ilidhihirika kuwa Mskoti Robert William Thomson alikuwa amelitangulia wazo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, ila katika zama za Thomson hapakuwa na baiskeli za kulipokea. Mpira wa upepo uliifanya baiskeli iwe laini na nyepesi. Pamoja na hayo ulileta duniani adha mpya, nayo ni pancha. Mwanzoni mpira ulibandikwa kwa gundi juu ya rimu, na kuuziba ilikuwa kazi ya saa nyingi. Katika miaka ya 1890 na 1891 zilibuniwa njia za kuufanya tairi litoke na kurudi bila ya kubanduliwa, Uingereza na Ufaransa. Tangu hapo fundi mwenye beseni la maji, tupa, gundi na kipande cha mpira aliweza kuuzamisha mpira wa ndani, akatazama mapovu yanapotokea, akakwaruza, akabandika kiraka, na mwenye baiskeli akaondoka siku ile ile. Kazi ambayo jana ilihitaji kiwanda, leo ilitosha uani.

Huo ndio wakati alioingia Morris. Alizaliwa Worcester tarehe 10 Oktoba 1877, na wazazi wake walihamia Oxford alipokuwa mtoto mdogo. Alitamani kuwa tabibu wa upasuaji, lakini afya ya baba yake haikuwa njema na nyumba ilihitaji msaada. Akaacha shule akiwa na miaka 15, akaenda kujifunza kazi kwa mtu aliyeuza na kutengeneza baiskeli mjini humo. Baada ya miezi kama tisa aliomba aongezewe mshahara, akakataliwa. Akaondoka, akafungua kazi yake mwenyewe nyumbani kwao, upande wa mashariki wa Oxford, akiwa na miaka 16.

Karakana ya namna hiyo haikuhitaji mambo mengi, lakini yale machache ilikuwa lazima yawepo. Ilihitaji paa, kwa kuwa chuma kilichonyeshewa huota kutu usiku mmoja. Ilihitaji meza nzito yenye jiliwa la kushikia vyuma, nyundo, tupa za namna mbalimbali, spana, koleo, na moto wa kulehemu mabomba ya fremu. Ilihitaji mafuta, grisi, gololi na spoku za akiba. Zaidi ya vyote ilihitaji mkono uliozoea. Gurudumu linaloyumba halinyoshwi kwa nyundo, bali kwa kukaza spoku hii robo mzunguko na kulegeza ile ya upande wa pili, na tena, na tena, mpaka rimu ipite katikati bila kugusa kushoto wala kulia. Anayekaza kwa pupa hulipinda zaidi. Maarifa hayo hayauzwi dukani pamoja na spana, na Morris aliyapata kwa bwana yule yule aliyemnyima nyongeza ya mshahara.

Hapa basi tunaweza kuanza kuhesabu mtaji wake upya. Kwanza zilikuwapo pauni 4. Pili kilikuwapo kibanda ambacho hakukilipia kodi, na nyumba ambayo mama yake alipika chakula humo. Tatu palikuwa na ujuzi wa miezi tisa. Nne ulikuwapo mji wenyewe. Oxford ni mji wa tambarare kwa sehemu kubwa, wenye vyuo vingi vilivyotawanyika, na vijana wenye fedha waliohitaji kufika darasani kwa wakati. Kijana aliyefungua karakana ya baiskeli mahali pale, mwanzoni mwa miaka ya 1890, alikuwa kama mvuvi aliyetupa wavu wakati samaki wanapanda. Tano, ulikuwapo ujirani wa viwanda. Vipande vya baiskeli vilitengenezwa kwa wingi Birmingham na Coventry, miji isiyo mbali, na fundi mdogo aliweza kuagiza mabomba, ekseli na minyororo, akaviunganisha na kutia jina lake.

Ndivyo Morris alivyofanya. Baiskeli yake ya kwanza aliyoiunda kwa kuagizwa ilikuwa ya kasisi wa kanisa la St Clement's, mtu mrefu sana aliyehitaji fremu kubwa kuliko zilizouzwa madukani. Yatazameni mazingira haya: kiwanda kikubwa hakikuwa na faida ya kuunda baiskeli moja kwa ajili ya kasisi mmoja; fundi wa uani alikuwa nayo. Kasisi yule akapita mitaani juu ya baiskeli ile, na kila aliyemwona aliuliza imetoka wapi. Morris mwenyewe alishindana katika mbio kwa baiskeli alizoziunda, akawa bingwa katika wilaya za Oxford, Berkshire na Buckinghamshire. Kushinda kwake kulikuwa tangazo lisilolipiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa na duka katika High Street, nambari 48, na alikuwa ameanza kuunda pikipiki.

Wasimulizi wengi huruka kutoka hapo hadi kwenye motokaa, na kwa kufanya hivyo huruka sehemu yenye mafunzo kuliko zote. Mwaka 1903 Morris aliingia katika ushirika wa biashara ya baiskeli na motokaa. Mwaka 1904 ushirika ule ulianguka. Alitoka humo na deni la pauni 50, na inasimuliwa kwamba ilimbidi azinunue zana zake mwenyewe mnadani. Mtu wa miaka 26, aliyeoa mwaka ule ule, alirudi nyuma ya pale alipoanzia miaka kumi na moja kabla. Kilichomwokoa ni kwamba kazi ya kutengeneza haikuanguka pamoja na ushirika. Pancha ziliendelea kutokea, wateja wa zamani walimjua, na mkono wake ulikuwa haujauzwa mnadani. Tangu siku hizo aliogopa kugawana mamlaka na mtu, tabia iliyomfaa wakati wa kujenga na kumdhuru wakati wa kutawala kilichojengwa.

Motokaa yake ya kwanza, Morris Oxford, ilitoka mwaka 1913. Haikuwa kazi ya kiwanda kinachofanya kila kitu. Injini ilitoka kwa White and Poppe wa Coventry, ekseli zilitoka Birmingham, na mwili ulijengwa Oxford. Morris alichagua, akapatanisha bei, akaunganisha. Hiyo ilikuwa desturi ile ile ya kibanda cha uani, isipokuwa sasa ilivaa joho la kiwanda. Mwaka 1921, biashara ilipozorota na wengine wakashikilia bei zao, yeye alizipunguza, na watu wakanunua. Mwaka 1925 kiwanda chake cha Cowley kilitoa zaidi ya motokaa 50,000. Katika nchi nyingine mambo kama hayo yalikuwa yametokea pia: Wilbur na Orville Wright walifungua duka la baiskeli Dayton, Marekani, mwaka 1892, na faida ya duka hilo pamoja na zana zake ndizo zilizowapeleka hadi ndege ya mwaka 1903. Karakana ya baiskeli ilikuwa shule ya uhandisi kwa watu wasioingia chuo cha uhandisi.

Si haki kumsifu mtu nusu. Morris alikuwa mkarimu kupita kiasi: katika maisha yake alitoa takriban pauni milioni 30, nyingi kwa hospitali na elimu ya utabibu, kana kwamba alimlipia deni kijana yule aliyetamani upasuaji. Lakini mtu huyu huyu hakuvipenda vyama vya wafanyakazi katika viwanda vyake, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 alimpa Oswald Mosley pauni 50,000 kwa ajili ya chama chake kipya, kabla Mosley hajageuka kuwa kiongozi wa Mafashisti wa Uingereza. Yeye aliyeondoka kwa bwana wake kwa sababu ya mshahara hakuwa mwepesi wa kusikia wafanyakazi wake walipodai wao. Mtu husahau upesi uzito wa mzigo alioutua.

Mwaka 1937 alitoa fedha za kuanzisha chuo katika Oxford, na nia yake ilikuwa chuo cha uhandisi. Wakuu wa Chuo Kikuu walimshawishi kiwe chuo cha taaluma za jamii, akakubali, kisha akanung'unika kwa miaka mingi. Chuo hicho, Nuffield College, kinatugusa na sisi: mwaka 1939 kilimpokea Margery Perham, mwanachuoni aliyeandika sana juu ya utawala wa Waingereza katika Afrika, ikiwamo Afrika Mashariki. Basi fedha zilizoanzia katika kuziba pancha ziligharimia uchunguzi wa namna watu wetu walivyotawaliwa. Wanachuoni walipata nyumba nzuri. Uhandisi, elimu ya mkono uliowapa nyumba ile, ukabaki nje ya mlango. Katika hayo nauona mfano mdogo wa dharau ya zamani, ambayo hata katika vyuo vyetu haijakoma: ya kwamba anayesoma habari za kazi ameelimika, na anayeifanya kazi hajaelimika.

Huku kwetu baiskeli za Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye za Phoenix kutoka Shanghai, zilibeba walimu, mahindi, mikungu ya ndizi na wagonjwa. Na huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zilizaa kazi ya bodaboda kabla pikipiki hazijairithi. Popote zilipofika, chini ya mwembe au katika kipenu cha nyumba, palitokea fundi mwenye beseni la maji, pampu na kopo la gundi. Ujuzi wake si mdogo kuliko wa kijana wa Oxford. Hukata spoku za gurudumu moja akazitumia katika jingine. Huimarisha fremu kwa nondo ili ibebe magunia. Hutengeneza kwa tindo kile ambacho duka halina. Wako wanaouliza kwa nini hakuwa Morris. Jibu halimo katika uvivu wake. Kibanda chake huweza kubomolewa asubuhi moja kwa kuwa kimekaa kando ya barabara. Kipande anachokihitaji hakitengenezwi mji wa jirani bali huvuka bahari. Mteja wake ni mkulima anayelipa baada ya mavuno, si mwanafunzi mwenye posho. Na akianguka mara moja, kama Morris alivyoanguka mwaka 1904, hana nyumba ya kuangukia.

Wala sisemi haya ili kuipunguza juhudi ya Morris, kwa maana waliokuwa na kibanda, mji na majira kama yake walikuwa wengi, na Lord Nuffield alitokea mmoja. Nasema kwamba juhudi ni mbegu, na historia inayosifu mbegu bila kutaja udongo ni historia pungufu. Mwanafunzi atakayeisoma habari ya pauni 4 na akatoka na neno la kumlaumu fundi wa kwao, atakuwa ameisoma vibaya.

Lord Nuffield alifariki tarehe 22 Agosti 1963, bila mtoto. Nyumba yake imehifadhiwa, na wageni huonyeshwa chumba cha kulala cha tajiri aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa Uingereza. Mna kabati katika chumba hicho, la kutundikia nguo kwa kulitazama. Likifunguliwa, mna nyundo, tupa, bisibisi na koleo zimepangwa kwa utaratibu, pamoja na vifaa vya kushonea viatu, alivyovitumia usiku usingizi ulipomkataa. Kile kibanda cha uani alikuwa amehama nacho.