Somo la Redio kwa Watu Wazima: Picha za Kutengenezwa na Historia Yake

Wasikilizaji wetu ni wa Ugalla, Mpanda na Katavi nzima. Wenye vitabu wavifungue, na wenye kalamu waziweke tayari. Leo ni somo la historia. Tutazungumza juu ya picha. Si picha ya arusi wala ya kitambulisho, bali picha ya kutengenezwa, ambayo ndani yake kitu cha kuchezea huonekana kama kitu kikubwa cha kweli.

Tuanze na mfano. Watoto wetu hujua kuunda garimoshi kwa makopo, na magurudumu huyakata katika kandambili kuukuu. Ukilitazama ukiwa umesimama, waona makopo tu. Lakini lala kifudifudi, weka kamera ya simu karibu na ardhi, usogee mpaka makopo yajaze kioo. Mara moja makopo yamekuwa garimoshi. Kwa nini? Kwa sababu jicho hupima ukubwa wa kitu kwa kukilinganisha na vitu vilivyo kando yake. Pasipo na cha kulinganisha, jicho hukisia tu.

Sasa, nyuma ya garimoshi hilo pahitajiwa mahali pa kupita. Siku hizi wako watu ambao hupiga picha kitu cha kuchezea, kisha huiomba akili mnemba iwachoree mahali hapo. Akili mnemba ya namna hii ni mtambo wa kompyuta uliofunzwa kwa picha nyingi mno. Wewe waandika maneno, nao wakuchorea picha ambayo hakuna kamera iliyoipiga. Halafu picha mbili huunganishwa kuwa moja. Ni mchezo wa kujifurahisha, na ni mchezo mzuri. Lakini una historia ndefu, na ndani ya historia hiyo mna onyo.

Mwaka 1839 Mfaransa mmoja, Louis Daguerre, alitangaza njia yake ya kupiga picha. Watu wengi waliamini kwamba kamera haiwezi kusema uongo, maana jua lenyewe ndilo lililochora. Haikupita miaka 20, mambo yakageuka. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Mswidi aliyekaa Uingereza, aliunganisha picha zaidi ya 30 akapata picha moja kubwa. Wako waliomsifu, na wako waliomlaumu. Tokea hapo ilijulikana kwamba picha yaweza kujengwa kama nyumba, tofali juu ya tofali.

Ufundi huo haukubaki Ulaya. Kisiwani Lamu, tangu miaka ya 1960, mpiga picha Omar Said Bakor alijifunza mwenyewe kukata na kuunganisha picha, hata mtu akaonekana mahali ambapo hakupata kuwapo. Kule Mombasa, penye kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 walikuwako wapiga picha wenye vibanda vya wazi. Nyuma ya mteja waliweka pazia lililochorwa kwa rangi: meli, au ndege, au majumba marefu. Kando yake waliweka maua ya plastiki. Mtu aliyekuja mjini kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege iliyochorwa, akapigwa picha, akaipeleka nyumbani.

Je, huyo alisema uongo? Tufikiri vizuri. Pazia lilikuwa wazi machoni pa wote. Aliyepigwa alijua, na aliyepokea picha aliweza kuona kwamba ndege ile ni ya rangi. Picha ilisema, "Haya ndiyo ninayotamani." Hilo ni jambo la haki kabisa.

Sasa sikilizeni habari ya upande wa pili. Huko Uskoti liko ziwa liitwalo Loch Ness, na watu husema kwamba ndani yake mna mnyama mkubwa wa ajabu. Mwezi wa Aprili 1934 gazeti la Daily Mail la London lilichapa picha ya shingo ndefu ikitokeza majini. Dunia nzima ilishangaa. Ilipita miaka 60. Mwaka 1994 ndipo habari kamili ilipotolewa hadharani: mnyama yule alikuwa nyambizi ya kuchezea, iliyotiwa shingo na kichwa vya kuundwa kwa mkono. Kitu cha kuchezea, tena kidogo, kiliwadanganya watu wazima kwa miaka 60!

Wanafunzi wapenzi, linganisheni picha hizo mbili. Ya Likoni ni ya kutengenezwa, na ya Loch Ness ni ya kutengenezwa. Ufundi wao wakaribiana. Kinachozitenga ni kimoja tu: huku mtazamaji alipewa nafasi ya kujua, na huku alifichwa.

Na leo je? Mwaka 2022 mitambo ya kuchora kwa akili mnemba, kama vile Midjourney, Stable Diffusion na DALL-E 2, ilifunguliwa kwa watu wengi. Mwezi wa Machi 2023 ilienea picha ya Baba Mtakatifu Fransisko akiwa amevaa koti jeupe kubwa la baridi. Watu wengi waliiamini. Koti lile halikuwapo, wala picha ile haikupigwa na kamera yoyote. Pazia la Likoni lilionekana kuwa pazia. Pazia la siku hizi halionekani.

Turudi Ugalla. Tuseme wataka garimoshi lako la makopo lipite katika reli ya Kaliua kwenda Mpanda, karibu na Mto Ugalla, wakati wa kiangazi. Ukiuambia mtambo, "Nichoree mto wa Afrika," huenda ukakuletea minazi, au mlima wenye theluji. Wewe ndiwe ujuaye kwamba hapa pana miti ya miombo. Wewe ndiwe ujuaye kwamba mto wetu kiangazi hupungua ukabaki madimbwi, na viboko na mamba husongamana humo. Wewe wajua mizinga ya nyuki ya magome iliyotundikwa mitini. Basi mwandikie mtambo hayo yote, neno kwa neno. Ukikosea, mkatalie, umwandikie tena. Hapa mwalimu ni wewe, si mtambo.

Angalia pia mwanga. Kama jua limeyapiga makopo kutoka kushoto, omba mto ambao jua lake latoka kushoto. Vivuli vikipingana, picha itaonekana kuwa na viraka. Na kwa njia hiyo hiyo waweza kuichunguza picha ya mtu mwingine: tazama vivuli, tazama vidole, tazama maandishi yaliyomo. Lakini usitegemee macho peke yake, kwa maana mitambo yaendelea kuboreshwa. Uliza kama aulizavyo mzee barazani: Nani aliipiga? Lini? Wapi? Nani mwingine alikuwapo? Mtu akikuonyesha picha ya shamba au ng'ombe anaowauza, usitoe fedha mpaka umefika mwenyewe ukaona.

Sasa nawaambia jambo kubwa la somo hili. Ukimaliza picha yako, chukua kalamu uandike chini yake: "Garimoshi ni la makopo. Mto umechorwa kwa akili mnemba." Maneno 9 tu. Mstari huo wauondolea mchezo wako uongo wote, na furaha yake yabaki palepale. Waliochapa picha ya mwaka 1934 hawakuwa na mstari wa namna hiyo chini yake. Ninyi mnaweza kuuandika, maana sasa mwajua kuandika.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Kwa nini kopo huonekana kubwa kamera ikiwa chini na karibu?
2. Picha za Likoni na picha ya Loch Ness zatofautiana kwa jambo gani?
3. Andika sentensi 3 za kuueleza Mto Ugalla wakati wa kiangazi, kwa mtu asiyepata kuuona.
4. Tazama picha moja katika simu au gazeti. Andika maswali 2 ambayo ungemwuliza aliyeitoa.

Msomeane majibu yenu darasani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.