Mpako wa kunyunyiza wa bodi ya pikapu

Mpako wa kunyunyiza ni tabaka nene la plastiki yenye unyumbufu wa mpira, linalopulizwa likiwa majimaji kwenye sakafu na kuta za bodi ya pikapu, kisha likagandia humo moja kwa moja. Hulinda bati lisichubuliwe na mizigo na lisiliwe na kutu.

Katika kata ya Mahege na kwingineko Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, kazi hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi. Magunia ya korosho na nazi huchubua rangi, lakini samaki na kamba wa delta ya Rufiji ndio humaliza bodi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Tenga la samaki wenye barafu likipakiwa Nyamisati, maji yake hutiririka hadi kwenye maungio, hasa pale sakafu inapokutana na matao ya magurudumu. Yakikauka, chumvi hubaki. Usiku chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, na bati likaendelea kulowa hata pasipo mvua. Kutu huanzia kwenye maungio hayo, mahali ambapo mwenye gari haangalii. Kwa hiyo mpako wa kuchagua huku ni ule unaoshika bati barabara na kuziba kingo zote. Unene na ugumu vije baadaye.

Mipako ya aina hii ni ya poliyuretani, ya poliyurea, au mchanganyiko wake. Yote hupatikana kwa kukutanisha vimiminika viwili, kimoja kikiwa na isosianati. Kampuni za Marekani kama Rhino Linings na Line-X hutumia mashine inayopasha moto vimiminika hivyo na kuvisukuma kwa presha kubwa. Poliyurea huganda ndani ya sekunde chache. Unene wa kawaida ni milimita 2 hadi 3, na kila mita ya mraba huongeza uzito wa takriban kilo 2 hadi 3. Aina ya pili ni ya makopo, mfano Raptor ya U-POL ya Uingereza: fundi huchanganya sehemu tatu za rangi na moja ya hadina, hutikisa, kisha hupuliza kwa kompresa ya kawaida. Tabaka lake ni jembamba zaidi, ila fundi rangi yeyote makini aweza kuifanya kazi hiyo, na kurekebisha palipobanduka hakuhitaji kulirudisha gari mashine iliko.

Mbadala wake ni sahani ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la bodi na kutumbukizwa ndani. Ni rahisi kufunga na huhimili mapigo, lakini kwa gari la samaki haifai. Mchanga na maji ya chumvi hupenya chini yake, gari likitikisika plastiki husugua rangi, na bati huoza likiwa limefunikwa.

Mpako wowote huishi kadiri bati lilivyoandaliwa. Kutu ikwanguliwe yote, matundu yachomelewe, maungio yaoshwe kwa maji baridi mengi hadi chumvi itoke, mafuta ya samaki yaondolewe kwa tina, kisha rangi ing'arayo ikwaruzwe kwa msasa mpaka ififie. Bati lililoachwa wazi lipakwe praima ya kuzuia kutu. Kupulizia juu ya kutu ni kupoteza fedha: kutu huendelea chini kwa chini, na mpako huificha hadi sakafu itoboke. Matundu ya kutolea maji yazibwe kwa muda wakati wa kupuliza, kisha yafunguliwe yote. Hili husahaulika mno, na bodi yenye mpako mzuri lakini isiyotoa maji hugeuka beseni.

Hali ya hewa nayo ina neno. Isosianati ikikutana na maji hutoa gesi ya kabonidioksidi, na mpako huingia vipovu. Bati liwe na joto la walau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa Kibiti, miezi ya Juni hadi Septemba ni salama kuliko ya masika, na saa za kati ya asubuhi na adhuhuri ni bora kuliko alfajiri. Joto kali nalo hufupisha muda wa kutumia mchanganyiko wa makopo kabla haujaganda, hivyo fundi achanganye kidogo kidogo.

Jua hufifisha mipako yenye kemikali za aina ya aromatiki, ambazo ni za bei nafuu. Hugeuka kijivu na kutoa vumbi juu. Za alifatiki hudumu na rangi yake. Kwa gari la mizigo kufifia si hasara ya kulipia zaidi, mradi mshiko haujalegea.

Mvuke wa isosianati huweza kuleta pumu, na aliyekwisha kuathirika huweza kubanwa na kifua hata kwa kiasi kidogo sana. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Fundi anahitaji kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi, glavu na miwani, na watoto wa mtaani wakae mbali hadi mpako ukauke.

Baada ya hapo bodi ioshwe kwa maji baridi kila inaposhusha samaki. Mpako ukikatika, ncha iliyoinuka ikatwe, bati lisuguliwe na kukaushwa, kisha pazibwe siku hiyo hiyo.