Miembe ya Ujiji na sisi watu wa ng'ambo

Zamu ya kuandika imenifikia. Wengine mmeshaandika juu ya mpira, masomo na maisha ya kambini, basi mimi nimechagua sehemu moja ambayo wengi wetu tumepita karibu nayo bila kuijua. Ni Ujiji, hapa hapa mkoa wa Kigoma.

Niseme kwanza nilivyofika. Mwaka jana shangazi yangu aliandikiwa kwenda kutibiwa macho mjini Kigoma, na mimi nikapata kibali cha kumsindikiza. Mnajua wenyewe, kutoka Nyarugusu siyo kama kutoka nyumbani kwenda dukani. Siku ya pili daktari alituambia turudi kesho yake kuchukua majibu, tukawa na mchana mzima hatuna kazi. Nikamwambia shangazi, "Twende Ujiji tukaone makumbusho." Akauliza, "Kuna nini huko?" Nikasema, "Historia." Akacheka. "Historia ya nani?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni mwendo mfupi tu wa daladala. Leo Kigoma ndiyo yenye bandari na stesheni ya treni, lakini katika karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume. Ujiji ndiyo ilikuwa mji mkubwa. Wenyeji wake ni Wajiji, ndugu wa Waha. Hapo ndipo misafara iliyotoka Bagamoyo ilifikia ziwani, baada ya kutembea kama kilomita 1,200 kwa miguu. Wenye mali walipanda mitumbwi kuvuka kwenda upande wa Kongo kutafuta pembe za ndovu na watu. Waliporudi, walirudi na vyote viwili, na hao watu ndio waliobebeshwa zile pembe hadi pwani.

Februari 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji. Vitabuni wanaitwa wazungu wa kwanza kulifikia ziwa Tanganyika. Sawa, lakini walilikuta lina wenyewe, watu wanavua, wanavuka, wanauziana samaki na chumvi.

Ndani ya eneo la makumbusho kuna miembe mikubwa yenye kivuli kizuri. Inasemekana ni vizazi vya ule mwembe wa zamani. Kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika iliyochorwa na msalaba. Ndani ya jengo kuna sanamu za wazungu wawili wanavua kofia kusalimiana. Hao ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, na David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Scotland ambaye Ulaya walikuwa hawajapata habari zake kwa muda mrefu. Walikutana hapo Novemba 1871. Baadaye mwezi ule ule walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kuangalia kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia. Wenzetu wa Burundi katika kikundi hiki, lile jiwe la Mugere kusini ya Bujumbura lenye majina yao linatokana na safari hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo historia niliyoisoma kwenye jiwe. Mimi nikauliza jambo moja tu. Livingstone alikuwa anafanya nini Ujiji siku hizo? Alitokea wapi?

Alitokea Kongo. Alikuwa amekaa miezi kadhaa Nyangwe, mji wa soko kwenye mto Lualaba, Maniema. Soko la Nyangwe lilikuwa la akina mama. Walitoka pande zote mbili za mto na samaki, muhogo, vyungu, chumvi na mafuta. Tarehe 15 Julai 1871, soko likiwa limejaa, watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani walianza kupiga bunduki katikati ya watu. Akina mama wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikaelemewa, wengi wakajitupa mtoni, mto ukawachukua. Livingstone aliona kwa macho yake akaandika yote. Aliandika kwamba hao wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Baada ya hapo hakuweza tena kukaa. Akageuza, akatembea hadi ziwani, akavuka, akafika Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa. Alitegemea kukuta mali yake aliyotumiwa kutoka pwani. Akakuta imeshauzwa yote. Yaani ndugu zangu, yule mzee aliyesalimiwa chini ya mwembe alikuwa mtu aliyekimbia mauaji, akavuka ziwa, akafika ng'ambo hana kitu. Hiyo hadithi sisi hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Ila tofauti ipo. Yeye alikuwa na kalamu, na alikuwa na watu wa kumtafuta. Barua zake kuhusu Nyangwe zilifika Uingereza na zikaongeza kelele dhidi ya biashara ya watumwa, na mwaka 1873 Sultani Barghash akafunga soko la watumwa la Zanzibar. Lakini wale mama wa Nyangwe hatujui jina la hata mmoja. Salamu ya dakika moja imewekewa mnara. Soko zima lililoangamia, ambalo ndilo lililomleta mzee pale, kwenye lile jiwe halimo.

Tulipotoka tulimkuta bibi mmoja amekaa kivulini karibu na barabara, anauza karanga. Shangazi akamwamkia, "Shikamoo mama." Bibi akaitikia, akamsikiliza anavyoongea, halafu akauliza, "Ninyi ni watu wa ng'ambo?" Mimi niliogopa kidogo. Swali hilo mara nyingi linafuatwa na lingine. Shangazi akajibu, "Ndiyo, sisi ni wa Fizi." Bibi akasogea kwenye mkeka akatupa nafasi. "Basi kaeni. Bibi yake mama yangu alitokea ng'ambo pia. Sisi ni Wamanyema."

Hapa nieleze kidogo kwa wasiojua. Manyema ni jina la ile nchi ya magharibi ya ziwa, ndani zaidi kuliko kwetu Fizi, huko Kasongo na Nyangwe, ambako leo kuna mkoa wa Maniema. Watu wengi walivushwa kutoka huko wakati wa misafara. Wengine waliletwa utumwani, wengine walikuja kama wapagazi, wengine kama askari na wafuasi wa wafanyabiashara kama Tippu Tip, ambaye makao yake makubwa yalikuwa Kasongo. Ujiji wakaitwa wote Wamanyema, hata kama kwao walikuwa makabila tofauti kabisa. Wakabaki, wakaoa, wakajenga. Wengine wakaendelea mbele. Kariakoo, Dar es Salaam, uko msikiti unaoitwa Manyema mpaka leo. Bujumbura, wako mtaa wa Buyenzi. Na hiki Kiswahili tunachoongea Kongo ya mashariki kilipita njia hiyo hiyo, kikavuka ziwa kutoka Ujiji pamoja na misafara. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Kiswahili chetu ni cha kuazima, mwambie kimevuka ziwa miaka mingi kabla yetu, na kilivuka kwa gharama kubwa.

Nikamwuliza bibi, "Huyo bibi wa mama yako alifikaje hapa?" Akanyamaza, akapepeta karanga zake. Halafu akasema, "Hakusema. Mama alikuwa anamwuliza, anasema tu, nilivuka. Ukimwuliza zaidi anaondoka. Sasa wote wamekufa, nitamwuliza nani?"

Shangazi alimwangalia muda mrefu. Akanunua karanga za mia tano, bibi akamwongezea mkono mwingine wa bure. Wakaanza maongezi ya chakula. Bibi akasema migebuka imepanda bei, shangazi akasema kwetu tunaita mikeke. Kisamvu, sombe. Mawese, wote mawese. Mimi nilikaa nawasikiliza nikafikiri, haya nayo ni mabaki ya zamani kama lile jiwe, isipokuwa hayana mlinzi wala tiketi.

Kabla ya kurudi tulikolala tulipita karibu na bandari ya Kigoma. Nilitaka shangazi aione Liemba, ingawa macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Ilikuwa imeegeshwa tu, haisafiri, inasubiri matengenezo. Meli hii ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, mji wa Papenburg, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli ya kati ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Ikaunganishwa upya hapa na kuanza kuelea mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza. Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi wakapaka mashine grisi nzito kwanza ili zisiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Sasa hayo majeshi ya Wabelgiji yalikuwa nani? Maofisa walikuwa wazungu, lakini askari walikuwa Wakongo wa Force Publique, na nyuma yao wapagazi wengi waliobeba mizigo. Hao ndio walioingia Kigoma Julai 1916, na Septemba wakafika Tabora. Yaani hata kwenye vita vya watu wengine, ng'ambo walikuwepo hapa.

Na Liemba yenyewe haikuishia kwenye vita. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Mei 2015, wakati maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji cha mpakani ambacho kuna ziwa mbele na mlima nyuma, Liemba ilikwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma kwa zamu. Wako wenzetu humu kwenye kikundi waliopanda meli hiyo wakiwa watoto. Wewe unayesoma, kama ulikuwemo, jua kwamba umepanda kitu ambacho watu wanatoka mbali kuja kukipiga picha.

Jioni hiyo hewa ilikuwa safi na milima ya Kongo ilionekana ng'ambo. Mimi nimezaliwa kambini, Fizi naijua kwa kusimuliwa tu. Nikamwambia shangazi, "Milima inaonekana." Akasema, "Niambie ikoje." Nikamwelezea. Ya bluu, inapanda na kushuka, kama mtu amelala ubavu. Akakaa kimya.

Nikakumbuka yule bibi wa karanga. Nitamwuliza nani? Mimi nina shangazi hapa mkononi mwangu, na miaka yote hii sijamwuliza. Ninajua tu kwamba walivuka mwaka 1996, basi. Nyumbani kwetu neno ni lile lile, tulivuka.

Kesho yake ndani ya basi la kurudi Kasulu nikamwuliza, "Shangazi, mtumbwi mliovuka nao ulikuwa wa nani?" Sikuuliza habari za vita. Niliuliza mtumbwi tu. Alichelewa kujibu mpaka nikafikiri amelala. Halafu akasema, "Mutoto wangu, ulikuwa wa mvuvi wa Baraka, wenye injini mbovu. Tulilipa kwa cherehani ya mama." Akaendelea mpaka tunafika. Mengine siyaandiki hapa, ni yake, lakini nimeyaandika kwenye daftari, na yeye amekubali. Cherehani hiyo sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

Ndugu zangu, ninachotaka kusema ni hiki. Tukiambiwa sisi ni wageni huku, ni kweli kwa karatasi. Lakini ziwa hili limevukwa na watu wetu kwa zaidi ya miaka 150, wengine kwa minyororo, wengine kwa bunduki za wengine, wengine kwa kukimbia kama sisi. Ujiji ina alama zao kila mahali, kwenye majina, kwenye lugha, kwenye chungu cha sombe. Kilichopotea ni masimulizi, kwa sababu walionyamaza walikuwa na uchungu, na walioishi nao hawakupata njia ya kuuliza.

Basi nawaomba tufanye kazi moja ndogo. Kila mmoja wetu amwulize mzee mmoja swali moja dogo. Mtumbwi ulikuwa wa nani? Mlipika nini siku ya kwanza? Ulibeba nini mkononi? Akikataa, mwache, usimlazimishe. Akikubali, andika tarehe, mahali, na maneno yake kama alivyoyasema. Na kama kuna kitu kimebaki, ufunguo wa nyumba, kitenge, kitambulisho cha zamani, kipige picha.

Shangazi macho yanaendelea vizuri na dawa, anawasalimu. Anauliza kama kuna mtu humu wa Baraka anayekumbuka yule mvuvi mwenye injini mbovu. Mwenye kujua aandike hapa chini.