Matawi ya Mto na Majina Yake

Sisi watu wa Mafia hatuna mto mkubwa. Vijito vyetu ni vifupi. Lakini ng'ambo, upande wa magharibi, Mto Rufiji hugawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini, na kila tawi lina jina lake: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mengineyo. Mgeni huona mikoko tu. Nahodha huona njia.

Mikoko hiyo ilitoa boriti za kujengea Unguja na hata Uarabuni. Vyumba vya nyumba za kale za mawe ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti.

Mwaka 1914 manowari ya Kidachi, Königsberg, ilijificha katika matawi hayo. Wadachi walikwisha kuyapima. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa yaweza kupita. Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, wakarusha ndege kutoka kisiwani kwetu kuitafuta, na tarehe 11 Julai ikaangamia kwa mizinga.

Tena mto huhama. Tangu miaka ya 1970 maji matamu mengi yameelekea matawi ya kaskazini, na watu wamefyeka mikoko wakalima mpunga. Tawi laweza kubadilika, jina likabaki kutuambia lilivyokuwa.

Basi, enyi wanafunzi, waulizeni wazee jina la kila kijito cha kwenu, mkaliandike. Ajuaye jina la mto hapotei njia.