Fundo Linalohama: Historia ya Lesi ya Tatingi na Ujifunzaji Wake

Tatingi ni aina ya lesi, yaani urembo mwepesi wa uzi wenye matundu yaliyopangwa kwa makusudi, ambayo haifumwi kwa kitanda cha mfumaji wala kwa sindano, bali hufungwa fundo baada ya fundo kwa shato, kifaa kidogo chenye umbo la dau, kilichochongoka ncha zote mbili na kubeba uzi tumboni mwake. Maandishi mengi yanayoihusu huipa ukale usio wake: mengine huihusisha na mafarao wa Misri, mengine na mabaharia waliofunga nyavu, mengine na mafundo ya mapambo ya Uchina. Madai hayo yanapendeza kusikia, ila hayasimami, kwa kuwa ushahidi wa vitu na wa maandishi unaelekeza Ulaya Magharibi, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Tatingi ni ufundi mchanga, uliozaliwa pale mchezo wa zamani wa kufunga mafundo ulipokutana na uzi laini wa viwandani na kijitabu cha bei nafuu, na historia yake haieleweki bila kufahamu kwanza namna fundo lenyewe linavyofungwa, kwa sababu ugumu wa fundo hilo ndio ulioamua nani angejifunza, kwa njia gani, na kwa muda gani.

Mtengenezaji huuzungusha uzi kwenye vidole vya mkono wa kushoto hadi ufanye duara, akaubana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha mkono wa kulia huipitisha shato chini ya uzi huo na kuirudisha juu yake. Hapo uzi wa shato huwa umeuzunguka uzi wa mkono, na mtu asiyejua angedhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Vidole vya kushoto hulegezwa, uzi wa shato hukazwa na kunyooka, na papo hapo fundo huhama: uzi wa mkono ndio unaouzunguka uzi wa shato, na uzi wa shato hubaki ndani ukiwa umenyooka. Nusu hiyo ya kwanza hufuatwa na nusu ya pili, ambayo hufungwa kwa mwendo wa kinyume, na mbili hizo kwa pamoja hufanya fundo pacha, kipimo cha msingi cha kazi nzima. Kwa kuwa uzi wa ndani haukufungwa na chochote, mafundo huteleza juu yake, na yakishatosha, uzi huo huvutwa na duara likajifunga kuwa pete. Nafasi ikiachwa kati ya fundo moja na jingine, kisha mafundo hayo yakasogezwa pamoja, uzi wa ziada huchomoza na kufanya kijitanzi, ambacho ni pambo na pia, kama itakavyoonekana, ni kiungo.

Kabla ya lesi hii kuwepo, shato ilikuwa tayari mikononi mwa wanawake wa tabaka la juu, lakini kwa kazi nyingine. Katika karne ya 17 na ya 18, wanawake wa Uingereza, Ufaransa na nchi jirani walikuwa na desturi ya kufunga mafundo mfululizo katika uzi mrefu wa kitani, hariri au sufu, hadi uzi ufanane na ushanga, kisha uzi huo ukashonewa juu ya kitambaa cha pazia, kiti au gauni kwa kufuata mchoro. Malkia Mary II wa Uingereza, aliyetawala kuanzia mwaka 1689 hadi alipofariki mwaka 1694, alijulikana mno kwa kazi hiyo, kiasi kwamba washairi wa zama zake walimtania kuwa hakuiacha hata akiwa ndani ya gari la farasi. Mnamo mwaka 1756 mchoraji Jean-Marc Nattier alimchora Madame Adélaïde, binti wa Mfalme Louis XV wa Ufaransa, akiwa na shato mkononi, na miaka michache baadaye Joshua Reynolds alimchora mjane wa mwungwana wa Albemarle katika hali hiyohiyo, picha iliyo sasa katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini London. Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Ilifanywa barazani, katikati ya mazungumzo, na faida yake kubwa ilikuwa kuionyesha mikono inayotembea kwa madaha na kukionyesha kifaa chenyewe, ambacho kilikuwa kipambo cha thamani.

Shato za wakati huo zilitengenezwa kwa dhahabu, fedha, kauri, lulumizi, pembe za ndovu na gamba la ng'amba, na kwa hizi mbili za mwisho habari hii inagusa, japo kwa mbali, pwani ya Afrika Mashariki. Gamba la ng'amba ni miongoni mwa bidhaa za pwani hii zilizotajwa na msafiri wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza BK, na pembe za ndovu zilizobebwa na misafara kutoka bara, kwa njia ya Tabora na Ujiji, zilikuwa uti wa mgongo wa biashara ya Unguja katika zama za Sayyid Said bin Sultan, zikisafirishwa hadi Bombay, London na bandari za Marekani. Sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia kuwa vitana, vishikio vya visu, mipira ya biliadi na vibonye vya piano, na shato ilikuwa tone tu katika bahari hiyo. Hata hivyo, wapenzi wa vifaa hivi wanaovisifia umaridadi wake wangefanya haki kukumbuka mabega yaliyobeba malighafi yake.

Kilichoigeuza kazi ya mafundo kuwa lesi ni uzi. Fundo linalohama linadai uzi ulio imara, laini na wa unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho, kwa maana palipo na kinundu, pete haifungiki. Uzi wa kitani uliosokotwa kwa mkono haukuwa hivyo siku zote, na hariri ilikuwa ghali. Mwanzoni mwa karne ya 19, vita vya Napoleon vilipovuruga biashara ya hariri, familia ya Clark ya mji wa Paisley nchini Uskoti ilianza kutengeneza uzi wa pamba ulio laini kiasi cha kushika nafasi ya hariri, na katika miongo iliyofuata uzi wa pamba wa kiwandani ukaenea madukani kwa bei ambayo hata mke wa karani aliimudu. Baadaye kukaongezwa utaratibu uliobuniwa na John Mercer, Mwingereza aliyepewa hataza mwaka 1850, wa kuipitisha pamba katika magadi makali ili iwe na nguvu zaidi. Mwishoni mwa karne hiyo iligunduliwa kwamba uzi ukivutwa wakati wa kupitishwa katika magadi hayo hutoka na mng'ao unaofanana na wa hariri, na uzi wa namna hiyo ndio unaopendwa na mafundi wa tatingi hadi leo.

Maelekezo ya mwanzo yaliyochapishwa yanapatikana katika kitabu cha mkononi cha wanawake kilichotolewa London mwaka 1843, ambacho kiliiweka tatingi pamoja na ushonaji wa nguo na utengenezaji wa kofia. Tatingi ya wakati huo ilikuwa duni. Fundi alitengeneza pete moja, akaacha uzi mtupu, akatengeneza nyingine, na mwishowe akaziunganisha pete hizo kwa sindano na uzi mwingine, kazi iliyochosha na kuacha nyuma alama za mishono. Mabadiliko yalikuja haraka, na yaliletwa na wanawake waliopata riziki kwa kalamu na uzi, wala si na watu wa majumba ya kifalme. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Eléonore Riego de la Branchardière, mwanamke mwenye asili ya Ufaransa na Ireland aliyeishi Uingereza, mwandishi wa makumi ya vijitabu vya kazi za mikono, ambaye kuanzia mwaka 1850 alichapisha mfululizo wa mitindo ya tatingi. Mwaka uliofuata, kijitabu kisichotaja mwandishi kilieleza jinsi ya kuunga pete kwa shato yenyewe: uzi wa mkono huvutwa kupitia kijitanzi cha pete iliyotangulia, shato ikapitishwa katika kitanzi kilichopatikana, kisha uzi ukakazwa. Ni hila ndogo, lakini ndiyo iliyoipa tatingi uhuru wake, kwa kuwa tangu hapo lesi iliweza kukua bila sindano. Katika miaka ya 1860 uliongezwa uzi wa pili, usiotoka katika shato, na kwa uzi huo mafundo pacha yakaweza kufungwa katika mstari uliopinda, unaoitwa mnyororo, badala ya pete peke yake. Pete, mnyororo, kijitanzi na kiungo: karibu kila kitu kilichobuniwa baadaye kimejengwa juu ya vinne hivyo.

Kitabu cha Beeton cha kazi za sindano, kilichotolewa London mwaka 1870, kinaanza na sura ya tatingi, jambo linaloonyesha hadhi ambayo ufundi huu ulikuwa umeipata ndani ya kizazi kimoja. Miaka 16 baadaye Thérèse de Dillmont, Mwaustria aliyehamia Alsace, alitoa ensaiklopidia yake ya kazi za sindano kwa ushirikiano na kampuni ya nyuzi ya DMC ya Mulhouse, na kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mwandishi huyo alielekeza kwamba shato isizidi urefu wa sentimita 7, na kwamba ncha zake zikaribiane ili uzi usifumuke ovyo inapopitishwa. Bila shaka kampuni ilitaka kuuza nyuzi, lakini ufafanuzi wa Dillmont, akionyesha kwa michoro kila hatua ya mikono, ulikuwa bora kuliko wote uliotangulia.

Pamoja na ubora huo, kitabu kilikuwa na kikomo. Mchoro unaweza kuonyesha fundo kabla ya kuhama na baada ya kuhama, lakini kuhama kwenyewe ni mwendo wa nukta moja, unaotegemea mkono mmoja kulegea wakati uleule mwingine unapokaza, na mwanafunzi ambaye mikono yake haijazoea hukaza yote miwili pamoja. Matokeo yake ni fundo lililokwama ambalo halitelezi, na pete isiyofungika hata ikivutwa kwa nguvu. Tena kosa la tatingi halisahihishwi kirahisi: kazi ya kroshia ikikosewa, uzi huvutwa na mishono ikafumuka yote, ilhali fundo pacha lililokazwa hufunguliwa moja moja kwa ncha ya sindano, na pete iliyofungwa mara nyingi hukatwa. Sifa hiyohiyo inayomtesa mwanafunzi ndiyo inayoifanya lesi iliyokamilika idumu, kwani ikikatika mahali pamoja haifumuki kwingine. Ndiyo maana ufundi huu ulihama zaidi kutoka kwa mama hadi kwa binti, au kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi aliyeketi ubavuni pake, na walimu wakabuni mbinu ambazo hazijapitwa na wakati. Iliyo maarufu zaidi ni kutumia nyuzi nene mbili za rangi tofauti, moja ya mkono na nyingine ya shato, ili rangi inayoonekana kwenye fundo imweleze mwanafunzi mara moja kama fundo limehama au la.

Ugumu huo pia unaeleza kwa nini tatingi haikuwa biashara kubwa. Nchini Ireland, baada ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, lesi iliyowapatia wanawake maskini fedha kwa wingi ilikuwa ya kroshia, inayofundishika upesi na kukamilika upesi zaidi. Tatingi ilibaki kuwa kazi ya pembezoni mwa leso, kola na nguo za watoto, na ni nadra kuikuta katika vitu vikubwa. Aliyekwenda kinyume na hali hiyo ni Malkia Elisabeth wa Romania, aliyeandika mashairi kwa jina la Carmen Sylva, ambaye alitengeneza kwa shato vitambaa vya makanisa vilivyotiwa lulu na vito. Kazi zake zimechapishwa katika kitabu cha Lady Hoare cha mwaka 1910, ambacho malkia mwenyewe alikiandikia utangulizi. Vitambaa hivyo ni vya ajabu kwa ustadi, ingawa wingi wa vito umevifanya vizito kuliko inavyopasa lesi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia leso za kitambaa ziliachwa, na pambo lake likaachwa pamoja nazo, hadi vitabu vipya vya miaka ya 1980 vilipowarejesha wanafunzi. Mitindo iliyokuwa ikielezwa kwa aya ndefu za maneno sasa inachorwa kwa alama, na video zimeweza kuonyesha ule mwendo ulioishinda michoro ya Dillmont. Shato nazo ni za plastiki, mbao au chuma, kwa kuwa biashara ya kimataifa ya gamba la ng'amba na ya pembe za ndovu imepigwa marufuku na mkataba wa CITES. Zile za kale huuzwa na kukusanywa, na wauzaji wengi huziita zote za tatingi, hata zilizotengenezwa karne nzima kabla ya tatingi kuwepo. Anayetaka kuzitambua atazame ncha: shato kubwa yenye ncha zilizo wazi, iliyokusudiwa kuzungushiwa uzi ambao tayari una mafundo, ni ya mchezo wa zamani wa barazani, na iliyo ndogo yenye ncha zinazogusana ndiyo ya tatingi.