Uzamiaji wa Maji Baridi Mbeya na Iringa: Maeneo Yanayofaa na Tahadhari ya Safari ya Kurudi

Wakazi wa mikoa ya Mbeya na Iringa wanaopenda uzamiaji hawalazimiki kusafiri hadi Zanzibar au Mafia kila wanapotaka kuingia majini. Ziwa Nyasa, ambalo ufukwe wake wa kaskazini uko wilayani Kyela, lina samaki wengi wasiopatikana mahali pengine duniani, na Wilaya ya Rungwe ina maziwa ya volkano yaliyowavutia watafiti wa kimataifa. Hata hivyo, mikoa hii imeinuka sana kutoka usawa wa bahari, na mwinuko huo hubadilisha kanuni ambazo mzamiaji amejifunza pwani. Kwa mzamiaji wa Nyanda za Juu Kusini, saa za hatari zaidi ni zile anazokuwa barabarani akirudi nyumbani.

Eneo linalowafaa watu wengi zaidi ni Matema, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya ziwa. Upande wa magharibi ufukwe ni wa mchanga na maji huongezeka kina taratibu, hivyo asiye na cheti cha uzamiaji anaweza kuogelea juu ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia. Kuelekea mashariki, njia ya Ikombe, kijiji kinachojulikana kwa vyungu vya Wakisi, Milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja hadi ziwani na mawe huendelea chini ya maji. Mawe hayo ndiyo makazi ya samaki wadogo wenye rangi za buluu, njano na chungwa ambao wafugaji wa samaki wa mapambo duniani huwaita mbuna. Mzamiaji mwenye cheti cha awali, ambaye kwa kawaida huruhusiwa kufika mita 18, atawaona wengi bila kukaribia kikomo chake. Mwenye uzoefu naye akumbuke kuwa Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia takriban mita 700, na kwamba mteremko wa upande huu ni mkali: anayeacha kuangalia kipimo chake cha kina anaweza kupitiliza bila kujua.

Wakati wa kwenda ni jambo la kuzingatia. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na mito ya Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe huingiza tope ziwani wakati wa masika. Mvua zikipungua, upepo wa kusi ambao wavuvi huuita mwera huvuma kuanzia takriban Mei hadi Agosti na kuleta mawimbi makubwa. Kipindi kinachofaa zaidi ni Septemba hadi Novemba, kabla mvua hazijakolea. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe kabla ya safari, na midomo ya mito iepukwe majira yote kwa sababu ya mamba na viboko. Maeneo ya bandari za Itungi na Kiwira ni njia ya vyombo na hayafai kwa uzamiaji.

Juu zaidi, wilayani Rungwe, liko Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba. Ni ziwa la mviringo lenye upana wa takriban mita 700 na kina kinachozidi kidogo mita 35. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa samaki wa jamii moja ndani ya ziwa hilo wanagawanyika kuwa makundi mawili: madume ya njano hukaa kwenye maji mafupi ya kando, na madume ya buluu hukaa chini, zaidi ya mita 20, penye mwanga hafifu. Mgawanyiko huo umetokea katika kipindi kisichozidi miaka 1,000 hivi, muda mfupi mno kwa mabadiliko ya namna hiyo. Wenyeji nao husimulia mali iliyotupwa humo na askari wa Kijerumani. Masimulizi hayo yasimfanye mtu ashuke gizani kutafuta sarafu. Masoko ni mahali pa wazamiaji wenye mafunzo ya kuzamia kwenye mwinuko, walio wawili au zaidi, na waliopata ridhaa ya uongozi wa kijiji.

Ziwa Ngozi, ndani ya msitu wa hifadhi wa Safu ya Poroto, linafaa kutazamwa kutoka ukingoni. Uso wake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuta zake ni za mteremko mkali, na gesi ya kabonidioksidi hutoka ardhini katika ukanda huo wa volkano. Kumshusha na kumpandisha mtu aliyebeba mtungi wa hewa ni kazi ya kikosi cha uokoaji, haifai kuwa matembezi ya mwisho wa wiki.

Kwa upande wa Iringa jibu ni fupi. Bwawa la Mtera lina maji mengi lakini ni ya matope, lina mamba na viboko, na huhudumia mitambo ya kufua umeme ya megawati 80. Mto Ruaha Mkuu una wanyama haohao. Mkazi wa Iringa anayetaka kuzamia atalazimika kufika Kyela.

Hapo ndipo suala la barabara linapoingia. Mtu anapopumua hewa ya mtungi chini ya maji, nitrojeni huyeyuka kwenye damu na misuli, na huhitaji muda kutoka. Akipanda haraka mahali penye hewa nyepesi, gesi hiyo hufanya viputo mwilini na kusababisha maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Kwa sababu hiyo wazamiaji hukatazwa kupanda ndege mara tu baada ya kuzamia. Matema iko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, lakini barabara ya kwenda Mbeya kupitia Tukuyu hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 kwa saa chache. Mwinuko huo uko ndani ya kiwango cha mita 600 hadi 2,400 ambacho miongozo ya usafiri wa anga kwa wazamiaji hukizungumzia. Miongozo hiyo hutaka kusubiri angalau muda wa saa 12 baada ya mzamo mmoja, na angalau saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Kwa lugha ya ratiba, anayezamia Jumamosi asubuhi na mchana alale Matema au Kyela mjini, na apande mlima Jumapili baada ya saa hizo kutimia.

Ziwani penyewe hesabu hubadilika pia. Hewa ya Matema ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo kina cha mita 18 huhesabiwa kwa tahadhari kama mita 19, na Masoko kama mita 20. Maji baridi humwelesha mtu kidogo kuliko maji chumvi. Mzamiaji hupunguza kilo mbili au tatu za risasi kwenye mkanda. Mitungi ijazwe kwa kompresa ya hewa ya kupumua pekee. Pampu za kujazia matairi huingiza mafuta na hewa ya sumu.

Kichocho kipo Ziwa Nyasa, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Aliyeingia majini apime katika kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye hata kama hajisikii vibaya. Dawa yake, prazikwanteli, hutumika nchini kote.

Mzamiaji mwenye ganzi au maumivu ya viungo baada ya kutoka majini alazwe chali, apewe oksijeni na asipandishwe mlimani bila ushauri wa daktari, ambaye aelezwe mara moja kuwa mgonjwa alikuwa akizamia. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa bila malipo kwa namba 114.