Unapojibu Tafadhali Taja: Historia ya Uzi wa Barua Pepe

Yeyote aliyewahi kushika barua ya Serikali ya Tanzania anayafahamu maneno yaliyochapwa juu yake: "Unapojibu tafadhali taja", kisha namba ya kumbukumbu. Anayejibu huanza kwa kuirejea namba hiyo. Masjala huipokea barua, huipa namba ya folio na kuifunga kwenye jalada lake. Miaka 30 baadaye, mtafiti akilifungua jalada hilo haoni rundo la karatasi. Anaona mazungumzo: nani aliuliza, nani alijibu, nani alinyamaza.

Barua pepe nayo ina utaratibu wa namna hiyo, ingawa wengi wetu hatuuoni. Ray Tomlinson ndiye anayetambulika kwa kutuma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET, mwaka 1971. Mwaka 1982, waraka wa viwango uitwao RFC 822 uliweka nafasi tatu katika kichwa cha barua: namba ya pekee ya barua yenyewe, namba ya barua inayojibiwa, na orodha ya namba za barua zinazohusiana nayo. Hizo ndizo "Kumb. Na." za zama zetu. Hukaa nyuma ya pazia, na mtu akichapa barua kwenye karatasi, kwa kawaida hazitoki.

Kutotoka kwake si jambo dogo, na Marekani walilifahamu hilo kwa njia ya kashfa. Novemba 1986 ilifichuka kwamba maofisa wa Ikulu ya Rais Ronald Reagan waliiuzia Iran silaha kwa siri, na sehemu ya fedha ikapelekwa kwa waasi wa Contra nchini Nicaragua. John Poindexter na Oliver North walifuta maelfu ya barua zao katika mfumo wa ofisi ulioitwa PROFS. Hawakujua, au hawakukumbuka, kwamba mfumo ulikuwa umehifadhi nakala kwenye kanda. Tume iliyoongozwa na John Tower ilizitumia barua hizo katika taarifa yake ya Februari 1987.

Januari 1989, siku moja kabla ya Reagan kuondoka madarakani, mwandishi wa habari Scott Armstrong na taasisi ya National Security Archive walikwenda mahakamani kuzuia kanda hizo zisifutwe. Serikali ilijitetea kwamba kuchapa barua kwenye karatasi kunatosha. Agosti 1993 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo, kwa sababu karatasi inaweza kukosa mambo ya msingi yaliyomo katika kumbukumbu halisi: nani hasa alituma, nani walipokea na saa ngapi. Kwa maneno mengine, maandishi peke yake si ushahidi kamili. Ushahidi umo pia katika mahusiano ya barua na barua.

Wakati wanasheria wakibishana, watunga programu walikuwa wakilishughulikia tatizo hilohilo kwa namna yao. Katikati ya miaka ya 1990, Jamie Zawinski wa kampuni ya Netscape alibuni njia ya kuzipanga upya barua zilizohifadhiwa ovyo. Programu husoma barua zote na kuiandalia kila namba kisanduku chake. Kisha hufuata orodha ya rejea na kuunganisha kisanduku cha jibu na cha barua iliyojibiwa, ikihadhari barua isije ikawa mzazi wa mzazi wake. Zisizo na rejea hupangwa kwa mada, baada ya kuondolewa ile alama ya "Re:". Mwaka 2008 njia iliyotokana na hiyo iliingizwa katika viwango vya intaneti.

Jambo la thamani zaidi kwa mwanahistoria ni hili: barua ikitajwa na nyingine lakini yenyewe haipo, programu huiwekea kisanduku kitupu, na majibu yake yakiwapo yaweza kushikamana hapo. Aliyefuta barua hajafuta nafasi yake. Majibu yake hubaki yakielekeza kidole mahali ilipokuwa.

Je, kama namba zenyewe hazipo? Hilo liliwapata watafiti wa barua za Enron, kampuni ya nishati iliyofilisika Desemba 2001. Mwaka 2003 mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Marekani iliziweka hadharani, na mkusanyo uliosambazwa kwa watafiti una barua zipatazo nusu milioni za watu wapatao 150. Kwa sehemu kubwa, rejea hazikuwamo. Ikabidi nyuzi zikisiwe kwa kulinganisha mada, washiriki, tarehe na maneno yaliyonukuliwa ndani ya majibu. Manukuu hayo yaliwezesha kuonekana hata kwa barua zilizopotea. Lakini kukisia ni kukisia. Mada kama "Kikao" hurudiwa kila wiki, na nyuzi mbili zikichanganywa, mtu aweza kuonekana ameridhia jambo ambalo hakuwahi kuulizwa. Hata namba zikiwapo, mtu aliyeibua jambo jipya kwa kujibu barua ya zamani huipotosha programu.

Kwetu, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 huitambua kumbukumbu bila kujali umbo lake. Hata hivyo, bado wapo wanaochapa barua pepe, wakaitia kwenye jalada, kisha wakaifuta ile ya asili wakiamini wametimiza wajibu. Kwa kufanya hivyo wameihifadhi barua na kuyaua mazungumzo. Siku swali litakapoulizwa, nani alijua nini na lini, mtumishi mwaminifu aliyeonya mapema ndiye atakayekosa cha kumtetea.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma asifute barua ya asili kwa sababu tu ameichapa. Mwanaharakati anayeomba nyaraka aziombe katika umbo la kielektroniki, vichwa vyake vikiwa kamili. Na mwanafunzi wa historia ajifunze walau msimbo wa kutosha kusoma namba hizo, kama walimu wetu walivyojifunza kusoma folio.